Doa kwenye Injini ya Mama Mkwe

Kazi yangu ni kuosha injini za magari, na mtaani naitwa Profesa. Usidhani nina elimu ya kutisha. Jina nimelipata kwa sababu hakuna anayefungua boneti kwangu bila kwanza kusikiliza mhadhara. Injini ya moto haimwagiwi maji, namwambia mteja. Chuma kilichochemka kikipata maji baridi ghafla kinaweza kupasuka, na mvuke ukupate wewe usoni. Tunaiacha ipoe mpaka uweze kuilazia kiganja. Halafu nachomoa waya wa betri, navisha alternata inayochaji betri na visanduku vya umeme mifuko ya plastiki, nakaza kwa mpira. Petroli sisafishii, hata uniletee dumu zima, maana inatosha cheche moja tu mimi na wewe tuwe habari ya jioni. Wengi huitikia ndiyo, ndiyo, huku wanachezea simu.

Mhadhara huo nimewapa madereva wa malori wenye vifua kama milango. Nimemkatalia askari aliyetaka nimwagie maji injini ikiwa inanguruma. Mtu pekee ambaye sijawahi kumwambia hapana, wala hata labda, ni mama mkwe wangu.

Mama mkwe ni mwalimu mstaafu na hajawahi kunigombeza hata siku moja. Ananiita mwanangu, ananipa kiti chenye mto. Tatizo ni mimi. Nikifika kwake nakalia ncha ya hicho kiti kama mtu anayesubiri jina lake liitwe hospitali, na akiniuliza habari za mvua najibu kama niko kwenye mtihani. Mke wangu huniuliza kama mama yake anang'ata.

Wiki iliyopita akaniletea gari lake. Alikuwa analiuza, maana goti lake limegoma kukanyaga klachi, na mnunuzi, mkunga wa zahanati ya karibu na kwake, angekuja kesho yake kuliangalia.

"Mwanangu, naomba uniogeshee huyu mzee," akasema. "Aking'aa mtu asione kasoro."

Akaniachia ufunguo, akaenda sokoni. Nikasubiri injini ipoe, nikachomoa waya wa betri, nikavisha plastiki, nikavaa glavu, nikapulizia dawa ya grisi na kuanza kusugua. Uchafu ulikuwa wa miaka na miaka, mweusi, umeganda. Nilipofika ubavuni, chini ya kifuniko cha juu cha injini, mkono ukasita. Grisi ya pale haikuwa kavu kama nyingine. Ilikuwa oili mbichi, inatoka kwenye gasketi iliyochoka, ule mpira unaoziba oili isitoke, na kutambaa kuelekea bomba la moshi. Gari likitembea, bomba lile huwa la moto wa kuchoma. Oili ikilifikia kwa wingi, gari linaweza kuwaka.

Sasa nikawa njia panda. Nikipaosha panang'aa, na mkunga wa watu hataona kitu mpaka siku atakapoona moshi. Na kumuuliza mama mkwe sikuweza, kwa sababu kichwani nilikuwa nimeshamhukumu. Mtu asione kasoro, si alisema mwenyewe? Nikajisemea, kumbe mwalimu naye mjanja, anajua gari linavuja na anataka nimfichie. Kumuuliza ingekuwa sawa na kumwita mwongo, na mimi hata chai yake ikizidi sukari nakunywa na kuomba nyingine.

Basi Profesa akapata akili. Nikaosha injini nzima, nikaisuuza kwa maji yasiyo na nguvu, nikaifuta ikang'aa kama sahani mpya. Pale penye gasketi nikaacha doa jeusi tii, ukubwa wa kiganja. Mkunga atafungua boneti, ataliona, atauliza, ataita fundi wake, na ukweli utajitokeza wenyewe bila mimi kufungua mdomo. Nilijisifu kweli kweli. Mama mkwe aliporudi nikamkabidhi ufunguo kwa mikono miwili. Akanishukuru, akaondoka na gari.

Kesho yake akaniita kwake nimsaidie kulionyesha. Mkunga alikuwa mama wa makamo, mchangamfu, bado na sare ya kazini. Nikafungua boneti, nikasogea pembeni kuupisha ukweli ujitokeze.

"Injini safi hii, jamani," mkunga akasema. Akachungulia huku, akachungulia kule, akaliona doa. Nikaanza kutabasamu. "Ila hapa, kaka, umepasahau," akasema, na kabla sijameza mate akatoa kitambaa mkobani akaanza kulifuta.

"Tusamehe, mwenzangu," mama mkwe akadakia. "Kwa kawaida huwa makini sana huyu. Jana sijui alipatwa na nini."

Wanawake wawili wananionea huruma kwa uzembe, na ushahidi wangu unaishia kwenye kitambaa. Doa lilikuwa limebaki upana wa kidole.

"Usifute," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, sikuitambua. "Hapo panavuja oili. Gasketi imekwisha, na oili inaelekea bomba la moshi. Gari linaweza kuwaka. Nilipaacha makusudi ili upaone."

Nikainama kutazama viatu vyangu. Nilijua mama mkwe atakasirika, na nilikuwa tayari kuomba radhi mpaka jioni. Mkunga akakunja kitambaa chake taratibu, akasema gari bado analitaka, ila lipite kwa fundi kwanza. Mama mkwe ndiye aliyeshika ukingo wa gari kama anayetafuta pa kuegemea.

"Uliona lini?" akaniuliza.

"Jana, mama. Nilipokuwa naosha."

"Kabla sijaja kulichukua?"

"Ndiyo, mama."

"Nimekuwa nikisikia harufu ya kuungua," akasema. "Nikadhani ni breki. Mimi mambo ya injini nayajulia wapi? Ungeniambia ningeliacha palepale kwako. Au ulidhani najua?"

Nikazidi kuinama, macho kwenye viatu vyangu.

"Mwanangu, jana nilipotoka kwako nilipitia shuleni kuwachukua watoto wako. Walikaa nyuma, wanaimba njia nzima. Madirisha niliyafunga kwa ajili ya vumbi."

Nikakaa chini kwenye changarawe, mbele ya mkunga, na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake nikamtazama mama mkwe machoni. Alikuwa analia.