Farasi Aliyelelewa na Mama

Juzi nikiwa njiani kwenda kazini Lusail, lori la barsimu lilipita mbele ya gari letu. Barsimu ni yale majani mabichi wanayolishwa farasi. Harufu yake tamu, yenye unyevunyevu, iliingia dirishani wakati mtangazaji redioni akitaja farasi wachanga wa kuangaliwa msimu ujao wa mbio. Dereva akaongeza sauti. Mimi nikapandisha kioo, maana harufu ile hainijii peke yake. Huja pamoja na ya damu.

Nilikulia kwenye zizi la farasi wa mbio huko Umm Salal. Baba yangu, mtu wa Pangani aliyekuja nchi hii ya Kiarabu kutafuta kazi, alikuwa mtunza farasi, na Mama alipika na kufua kwenye nyumba ya mwenye zizi, Bu Jasim. Mwaka nilioanza shule, farasi jike mmoja alikufa akizaa. Majike wengine walimkataa yule mtoto; mmoja alimpiga teke hadi mtoto akabamizwa ukutani. Mama akamchukua. Alimnywesha maziwa kwa chupa huku akimkemea kama alivyonikemea mimi: "We Barki, taratibu, hakuna anayekunyang'anya!" Jina hilo alipewa na Bu Jasim, kwa maana ya umeme wa radi. Barki akawa anamfuata Mama hadi kwenye kamba ya kuanikia, akimtafunia kanga zake. Nilimwonea wivu sana. Yeye alilambishwa molasi. Mimi niliambiwa sukari inaozesha meno.

Alipofikia umri wa mbio alikuwa mweusi, anang'aa, na watu walikuja alasiri kumtazama, wakimpapasa miguu kama wanawake wanaochagua vitambaa. "Huyu ndiye wa msimu huu," Bu Jasim aliwaambia. Lakini alikuwapo dume mwingine mchanga, mwekundu, aliyetoka ng'ambo, naye akitajwatajwa. Wawili hawa hawakupatana hata kidogo.

Asubuhi moja, majira ya joto yalipoanza kulegea, nilikuwa nimekaa juu ya marobota ya nyasi nikila chapati. Baba alikuwa anamtoa Barki kwenda kuogeshwa. Yule mwekundu akavunja komeo la banda lake akamrukia. Waliinuka kwa miguu ya nyuma, wakagongana vifua, kwato zikitua juu ya mifupa. Barki akamnyofoa mwenzake sikio. Damu ikaruka ukutani. Baba, badala ya kukimbia, aling'ang'ania kamba ya Barki na kuivuta. Mwekundu alipotimua mbio, Barki hakuwa na wa kupigana naye tena. Akamgeukia Baba.

Sijui kama mmewahi kuona farasi akimshambulia mtu. Hapigi teke moja akaenda zake. Alimng'ata Baba begani, akamtikisa kama tambara, akamwangusha, kisha akamkandamiza kifuani kwa magoti ili amponde. Nilisikia mbavu zikivunjika. "Barki, Barki, ni mimi," Baba alikuwa akisema, sauti ikikatika.

Mama alitoka jikoni mbio.

"Mama Zuhura, usije!" Baba aliguna, akimwita kwa jina langu.

Hakumjibu. Aliokota beleshi la kuzolea samadi, akalishika kwa mikono miwili, akampiga Barki usoni kwa makali yake. Barki hakuachia. Akampiga tena, palepale, na jicho likapasuka.

Barki akasimama, anatetemeka, damu ikimchuruzika hadi puani. Halafu akamwendea Mama. Nilipiga kelele nikidhani anakwenda kumuua. Kumbe aliegemeza kichwa kifuani kwake, upande ule uliopasuka, kama mtoto aliyeanguka anapomkimbilia mamake. Mama akaangusha beleshi, akakikumbatia kile kichwa. Kanga yake ililowa mpaka miguuni. "Pole," alikuwa akisema. "Pole, mwanangu. Pole."

Bu Jasim alifika akihema. "Nani kamharibu farasi wangu?"

Baba, akivuja damu pale chini, alisema ni yeye.

"Anadanganya," Mama alisema. "Nimempiga mimi. Na asingemwachia mume wangu, ningempiga mpaka afe."

Bu Jasim alitazama bega la Baba, nyama ikining'inia. Akavua kitambaa chake cheupe cha kichwani, akapiga magoti vumbini, akakikandamiza kwenye jeraha na kupaza sauti gari liletwe. Hakutufukuza. Baba alipona, ila mkono wake wa kushoto haukuinuka tena kupita bega. Aliyeshindana mbioni msimu ule ni yule mwekundu, na sikio lake moja.

Barki alibaki zizini, chongo. Kila Mama alipotoka kuanika nguo, Barki alimwita kwa mlio mrefu, akimgeuzia lile jicho zima. Mama akahamishia kamba upande wa barabara, ambako nguo zilikauka na vumbi lake. Nilidhani anamwogopa. Moyoni nilimwona mwoga, mimi niliyempelekea Barki karoti kila siku.

Miaka ikapita. Nilipojifungua mwanangu wa kwanza, Mama alikuja kunitunza, na siku moja akiwa anakunja nepi nikamuuliza kwa nini hakurudi hata mara moja kumwona Barki. Alikuwa akimwogopa?

"Nimwogope nini, mwanangu? Nilimlea mwenyewe." Alinyoosha nepi ile ile tena na tena. "Kila aliponiona alikuwa ameshanisamehe. Hilo ndilo lililonishinda."

Siku ile, juu ya marobota, nilidhani nimeona kila aliyeumizwa.