Kitabu cha Picha Tulichokisoma Kutoka Mwisho

Enzi zetu pale Mtwara, kitabu cha picha hakikusomwa na mtu mmoja. Kilisomwa na vichwa vitano vilivyobanana, mmoja akifunua kurasa, wanne wakimkaripia asiharakishe. Wa rika langu mnakumbuka. Wajukuu zetu wanamaliza hadithi tatu kwenye simu kabla chai haijapoa, na ukiwauliza zilihusu nini wanajibu, "Zilikuwa nzuri, Bibi," basi.

Nayaandika haya kwa sababu tangu juma lililopita situlii. Nikikaa baada ya alasiri kuvuta uradi, hesabu ya tasbihi inanipotea. Nasimama, nakwenda dirishani, narudi. Kisa ni mjukuu wangu Zuhura, aliyenionyesha hadithi anazozipenda, za picha, zinazochorwa Japani kwa ajili ya wasichana. Nilipoona yale macho makubwa yenye nyota ndani yake, nilitafuta kiti. Macho yale nilikuwa nayajua.

Nilikuwa darasa la nne. Rafiki yangu Felista alikuwa mtoto wa Kikristo, wazazi wake watu wa Tabora, na baba yake alifanya kazi bandarini. Msimu mmoja wa korosho, baharia wa Kijapani alimpa mzee yule gazeti nene kama tofali, akamwonyesha kwa ishara za mikono kwamba ampelekee binti yake. Sisi tuliliita kitabu. Karatasi zake zilikuwa za kukwaruza, wino wake wa zambarau. Tulilisomea nyuma ya nyumba ya kina Felista, tukila ming'oko, vile viazi vya porini, na korosho tulizochoma wenyewe juu ya bati, midomo imebabuka kwa mafuta ya maganda. Kila ukurasa ulikuwa na alama nyeusi za vidole vyetu.

Kijapani hatukukijua hata herufi moja. Felista ndiye aliyetusomea picha. Alifungua ukurasa wa kwanza, akaweka kidole juu yake.

"Huyu mama alikuwa amekufa. Mnaona? Binti analia kaburini. Sasa mama yuko kitandani. Sasa amekaa, anakunywa uji. Sasa anamsuka binti nywele."

Ndivyo tulivyoijua hadithi ile: mama aliyetoka kaburini, akapona, akarudi kusuka. Sote tuliipenda, lakini Felista aliipenda zaidi, na sababu tuliijua. Mama yake alikuwa amelazwa hospitali kwa kifua tangu mwezi wa Ramadhani. Kila siku baada ya shule Felista alimpelekea uji, kisha alirudi moja kwa moja kwenye kile kitabu.

Siku moja ikawa zamu yangu kukaa nacho. Nikakipeleka chuoni tulikosoma Kurani, nimekificha chini ya juzuu. Wakati wenzangu wakisoma kwa sauti nilikichungulia, nikaona jambo. Lile jalada la rangi, ambalo sisi tuliliita la nyuma, lilifunguka sawasawa na juzuu yangu, mgongo ukiwa kulia. Nikalifungua. Ukurasa wa kwanza, mama anasuka nywele. Nikafuata picha kutoka kulia kwenda kushoto, kama tulivyofundishwa kufuata aya. Mama anakunywa uji. Mama amelala. Kaburi.

"Somoe," ustadh akaniita, "unasoma au unasafiri?"

Nyumbani nilimweleza mama, aliyekuwa akichekecha unga wa muhogo. Hakuinua macho.

"Felista amekuuliza?"

"Hapana."

"Basi nyamaza, umwombee mama yake."

Nilinyamaza siku tatu. Kwangu zilikuwa nyingi, maana chuoni nilikuwa mtoto wa kujua jibu kabla ya wenzake. Siku ya nne tulicheza rede, ule mchezo wa kukwepa mpira. Felista akanilenga mpira mgongoni, nikatoka, akacheka. "Somoe mzito kama gunia la mabibo." Wote wakacheka. Nikasema, "Na wewe hata kitabu hujui kukisoma. Kinaanzia huku kwingine. Yule mama anakufa."

Felista alikwenda kukichukua kitabu chake kwenye jiwe tulipokiweka, akakikumbatia.

"Hivyo ndivyo mnavyosoma chuoni kwenu," akasema. "Mimi nasoma hivi."

Hakunipa tena hata kukishika. Kabla ya mvua kubwa baba yake akapata uhamisho, wakaondoka na mgonjwa wao. Mpaka leo sijui kama mama yule alipona. Nimeomba toba katika misimu mingi ya korosho, na naamini Mola wangu ni mwenye kusamehe. Felista ndiye ambaye sikumwomba msamaha.

Zuhura hakujua hayo aliponisimulia historia ya hadithi zake. "Zamani, Bibi, hizi za wasichana, wengi waliozichora walikuwa wanaume. Miaka ya sabini wakaja wanawake vijana, wakazigeuza. Wakavunja visanduku vya picha. Wakaacha maua yatambae ukurasa mzima. Wakaandika mawazo ya mtu bila kuyazungushia mstari, na mambo ambayo wakubwa walidhani wasichana hawayawezi, kama upweke na kifo."

Nikaukumbuka ukurasa wa kaburi. Haukuwa na kisanduku hata kimoja, ni maua tu yaliyopukutika kutoka juu mpaka chini. Sisi tulidhani mchoraji aliishiwa na rula. Kumbe huenda alikuwa msichana aliyemaliza shule juzi tu, ameketi na kalamu yake akiwachorea watoto asiowajua, na mtoto mmoja wa hao alikuwa Felista, nyuma ya nyumba za bandari.

Tumekitafuta kitabu kile kwenye simu, lakini jina hatukulijua, na Zuhura anasema hadithi za miaka ile ni nyingi. Enzi zetu hadithi moja ilitutosha msimu mzima, tena tuliisoma kinyume. Wao wanazo zote, kwa mpangilio wake sahihi, na namshukuru Mungu nimeishi kuyaona. Jana Zuhura alinipatia nyingine, nayo ina mama na binti.

"Anzia hapa, Bibi. Ukimaliza unasogeza hivi."

"Nipeleke ukurasa wa mwisho."

"Utajiharibia hadithi."

"Nipeleke tu, mama."

Akanipeleka. Tukaanzia kaburini, maana na hii iliishia huko, tukarudi nyuma polepole, picha kwa picha, mpaka mama akakaa kitako na kumsuka binti yake nywele.