Daktari wa Minyoo wa Giakanja

Habari ya kifo chake niliipata Jumanne asubuhi, sokoni Giakanja, nikichagua viazi. Mama anayeniuzia viazi alisema bila kuinua kichwa, "Yule daktari wa minyoo ameenda. Ati ni alfajiri, pale hospitali ya Nyeri." Kisha akaongeza kiazi kimoja juu ya rundo langu. Nilijua siku hiyo ingefika. Nilikuwa nimemwona Jumapili, na mtu ambaye hata maji hayapiti kooni mwake hatarajiwi Jumapili nyingine. Hata hivyo nilisimama pale sokoni na kapu mkononi, watu wakinipita, mpaka yule mama akaniambia nisogee kidogo ili wanunuzi wengine wafike.

Wasomaji wa safu hii wamenizoea nikiandika juu ya kahawa na barabara zetu. Leo ninaandika juu ya rafiki ambaye shamba lake lilipakana na langu. Mimi niliishia darasa la saba. Yeye alisoma mpaka ng'ambo, akakaa huko miaka mingi katika maabara, akichunguza mnyoo mdogo asiyeonekana vizuri kwa macho. Aliporudi katikati ya miaka hii ya tisini, watu walikuja kumlaki na kila mmoja alileta alichokuwa nacho cha kuuliza. Mzee mmoja alimwambia miaka yote hiyo ya ng'ambo ilikuwa hasara, kwa maana minyoo iko hapa kwetu bure. Mwingine akamtaka aje awaone mbuzi wake, kama kweli kazi yake ni hiyo. Rafiki yangu alicheka pamoja nao. Jina la daktari wa minyoo likamshika siku hiyo hiyo na hakulikataa kamwe, hata baadaye wanafunzi wake walipolisema nyuma yake.

Lakini siku ile ya kulakiwa kulikuwa na jambo lingine ndani ya nyumba. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, amevalishwa vizuri, na nguo zilikuwa zimemzidi mwili. Ilikuwa imeanza kwa githeri, mahindi na maharagwe yetu, kukwama kifuani. Baadaye ugali, kisha viazi vilivyopondwa, na sasa alikuwa anakunywa uji mwepesi, tena polepole. Daktari wa hospitali alikuwa amemwambia mwana mkubwa kwamba ni saratani ya koo la chakula na kwamba imechelewa. Mwana mkubwa akarudi nyumbani akamwambia mama ni vidonda vya tumbo, vitapona. Na kwa ndugu yake aliye ng'ambo, salamu zilizotumwa zilikuwa zile zile kila mara: mama hajambo, soma kwa bidii. Hivi ndivyo tunavyofanya kwetu. Mtoto aliye mbali hapelekewi habari mbaya, asije akaacha masomo, na mgonjwa hatajiwi kifo, kwa maana anayekitaja ni kama anakiita. Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Huku kwetu mgonjwa hafichi kitu. Ni yeye anayefichwa.

Baada ya wageni kwenda, mwana mkubwa alimwita ndugu yake nyuma ya ghala na kumweleza yote. Mimi nilikuwepo kwa sababu nilikuwa nimesaidia kuchinja mbuzi na nilikuwa bado naosha visu. Alimwomba jambo moja tu. Kwa kuwa mama alimwamini yule msomi kuliko watu wote, amwambie kwamba ng'ambo iko na dawa, na kwamba itafika. Rafiki yangu alivua saa yake akaitia mfukoni, jambo ambalo baadaye nilijua alilifanya kila alipokuwa na neno zito, akaingia ndani. Tulimfuata. Mama akamtazama akasema, "Mwanangu, hawa wote wananiambia nitapona. Wewe unasemaje?"

"Hutapona, mama. Ni kansa. Na mimi sina dawa yake."

Dada yao mdogo alikuwa ameshika kikombe cha uji, na nikaona uji ukimwagika kwenye kidole chake na asiutambue. Mama akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nilikuwa najua. Nilikuwa nangoja tu mtu wa kujua na mimi." Halafu akaanza kupanga. Akataka aitwe jirani wa ng'ambo ya mto waliyekosana juu ya mpaka wa shamba. Akaonyesha kona aliyotaka kuzikwa, mbali kidogo na miti ya kahawa. Akamgawia binti yake ng'ombe. Aliishi mpaka mvua za masika zilipoanza.

Mwana mkubwa hakumsamehe ndugu yake. Kwenye mazishi alimwambia mbele ya watu, "Ulienda kusoma ndio uje utuulie mama kwa mdomo?" Wapo walioitikia kwa vichwa. Tangu hapo wale ndugu wawili waliishi boma moja wakisalimiana kupitia watoto. Rafiki yangu hakurudi ng'ambo. Alipata kazi ya kufundisha biolojia katika shule moja ya upili ya wasichana mjini Nyeri, akiwaonyesha wanafunzi seli za ganda la kitunguu kwa hadubini ambayo kioo chake kilikuwa na ufa. Jumamosi alikuwa shambani.

Ni shambani nilikomuuliza alichokuwa akikitafuta ndani ya mnyoo. Ilikuwa msimu wa kupunguza machipukizi ya kahawa. Kila mkulima wa hapa Tetu anajua kwamba ukikata mti wa kahawa uliozeeka, kisiki hutoa machipukizi mengi kila upande, yenye nguvu na majani mazuri. Mgeni akiuona atasema mti umepona. Ukiyaacha yote utapata kichaka, na kahawa hutaiona. Lazima uchague mawili au matatu, mengine uyang'oe yangali machanga. Rafiki yangu alinyanyua chipukizi alilolivunja akaniambia kwamba mwili nao huishi kwa kuzuiwa. Kila seli, alisema, iwe ya ini, ya ngozi au ya koo, imebeba maagizo yote ya mwili mzima. Seli ya koo inaweza kusoma maagizo ya kuwa mtoto tumboni, maagizo ya kugawanyika na kugawanyika. Haiyasomi kwa sababu imezuiwa.

Nikamuuliza nani anayeizuia. Akasema maagizo hayasomwi moja kwa moja. Hutolewa nakala, na nakala hizo zinaitwa RNA, ndizo zinazopelekwa mahali pa kazi ili seli itengeneze protini. Wataalamu walizijali nakala ndefu. Vile vipande vifupi vilivyoonekana hapa na pale havikujaliwa, vilidhaniwa ni takataka. Kisha ndani ya yule mnyoo kikapatikana kipande kidogo mno cha RNA ambacho hakitengenezi kitu chochote. Kazi yake ni kwenda kugandamana na nakala ndefu na kuinyamazisha. Mnyoo aliyezaliwa bila kipande hicho haumwi kwa namna unayoweza kuiona mara moja. Seli zake zinarudia utoto tu. Zinamaliza hatua ya kwanza ya kukua, na badala ya kuendelea zinaifanya tena, na tena, mpaka mnyoo anazeeka na ngozi ya mtoto na hawezi hata kutaga mayai vizuri. "Hakuna aliyezinyima chakula," aliniambia. "Hazikuambiwa basi."

Nilimuuliza lile ambalo kila mtu angeuliza, kama mama yake naye alikosa kipande kama hicho kooni. Alivunja chipukizi jingine. Akasema hajui. Akasema kansa kwa sura yake inafanana na seli zilizosahau kukomaa, lakini kufanana si kuwa sawa, na kwamba wengi wa wenzake waliamini lile lilikuwa jambo la mnyoo peke yake. Yeye alihisi kwamba kitu chenye kazi kubwa namna ile hakiwezi kuwa cha mnyoo tu. Lakini alirudia kwamba kuhisi ni kuhisi. Ninaandika haya kwa uangalifu, kwa sababu baada ya kifo chake nimesikia watu wakisema alikuwa amegundua dawa akanyimwa nafasi. Si kweli. Alikuwa na swali zuri, akaliacha maabara ng'ambo ili amzike mama yake, na mpaka leo ninapoandika sijasikia kwamba limejibiwa.

Mwaka jana alianza kula polepole. Kwa kuwa alijua, alikwenda mwenyewe hospitalini, lakini hata anayejua hujidanganya kwa miezi kadhaa kwanza. Alinikiri hivyo. Walimkata kipande kidogo cha nyama kooni. Mtu wa maabara mjini, ambaye alikuwa amezoeana naye kwa habari za kemikali za shule, alimruhusu akitazame. Aliniomba nimsindikize. Aliinama kwenye hadubini ya pale, na hiyo haikuwa na ufa, akakaa hapo muda mrefu akizungusha kile kigurudumu kidogo kwa kidole. Nilitarajia alie. Badala yake uso wake ulikuwa wa mtu anayesoma. Kisha akanisogezea kiti nami nikatazama, nikaona zambarau tu, madoa mengi ya zambarau yamebanana.

Alisema, "Hizo ni zangu. Angalia zilivyo changa. Mtu wa umri wangu hafai kuwa na seli changa hivyo."

Yule mtu wa maabara akaanza kusema mambo ya matumaini, kwamba Nairobi kuna mashine ya mionzi, kwamba Mungu ni mwema. Rafiki yangu akavua saa yake na kumuuliza kansa imefika wapi. Akajibiwa. Tukashuka ngazi, tukanywa chai mkahawani, yeye ya rangi, bila maziwa, kama kawaida yake, jambo ambalo Nyeri huonekana kama ukosefu wa adabu mbele ya ng'ombe. Alinywa nusu. Mashine ya Nairobi aliijaribu, ikamuunguza kifua na kumwacha kama alivyokuwa.

Tulimzika Alhamisi iliyopita, karibu na mama yake. Ndugu yake mkubwa ndiye aliyesimamia yote, na nilimwona akishika jeneza kwa namna ambayo mtu hashiki kitu asichokipenda. Lakini wasifu uliposomwa, tulisikia kwamba marehemu aliaga dunia baada ya kuugua kwa muda mfupi. Haukutaja ugonjwa gani. Mchungaji naye akasema ni mapenzi ya Mungu, na watu wakaenda kula.

Nilimkuta dada yao nyuma ya jikoni, amekaa juu ya gogo na sahani ya wali mapajani. Alikuwa anatia kijiko kidogo mdomoni, anatafuna sana, kisha anachukua kikombe na kusukuma kwa maji. Kisha ananyoosha shingo. Mimi nilikuwa nimeiona ile shingo mara mbili katika boma lile. Nilikaa karibu naye nikamuuliza tangu lini.

Alitazama kama kuna mtu karibu. "Tangu tupalilie mahindi. Si kitu, ni kuchoka."

"Umemwambia nani?"

"Nimwambie nani? Wako na kifo leo. Niwaongezee kingine?"

Nilimwambia, kwa sauti ya chini, kwamba Jumatatu ningemsindikiza Nyeri. Alianza kukataa, ati kuna matanga, ati kuna ng'ombe wa kukamua. Hatukujua kwamba ndugu yake mkubwa alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, ametoka kuchukua chumvi ya wageni. Sijui alikuwa amesikia kiasi gani. Alimtazama dada yake, akaitazama ile sahani iliyojaa, kisha kikombe kilichokuwa karibu kuisha. Nilingoja aseme tuache kuita kifo siku ya mazishi. Alishusha bakuli la chumvi chini, kwenye majani.

"Jumatatu ni mbali," alisema. "Tutaenda kesho. Na nikiwa hapo, daktari atatuambia sote pamoja."

Walienda. Kipande kimekatwa na kupelekwa Nairobi, na majibu hayajarudi. Siwezi kuwaambia kwamba wamewahi, kwa sababu sijui. Jana nilimwendea yule mwana mkubwa nikamwomba ruhusa ya kuandika neno ambalo halikusomwa mazishini. Alikuwa akipalilia, na aliendelea kupalilia mpaka mwisho wa mstari. Kisha akasema niandike. Basi ninaandika: rafiki yangu alikufa kwa kansa ya koo la chakula, kama mama yake. Kuutaja ugonjwa hakumponyi mtu. Yeye aliutaja mapema kuliko wengi wetu, na bado tumemzika. Lakini katika boma lile kimya kilipewa nafasi ya kukua miaka yote hii, na kilikua vizuri, bila wa kukiambia basi. Kama nyumbani kwako kuna mtu anayesukuma chakula kwa maji, muulize tangu lini, na umuulize akiwa bado anameza ugali.