Wifi Aneth na Msiba wa Tonga

Hapa Ushirombo, msiba ukitokea, watu huuliza nani amefariki, kisha huuliza kama Aneth ameshafika. Aneth ni wifi yangu, mke wa mdogo wangu Donatus. Sijawahi kumwona akiingia msibani kwa mlango wa mbele. Hupita uani moja kwa moja, khanga kiunoni, kisu chake kimeviringishwa ndani ya kitambaa, na kabla hajamaliza kutoa pole ameshauliza moto uko wapi. Ugali wa msiba aliousonga yeye hauna mabuje ya unga hata kama umati umefika barabarani. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba Aneth akipata homa, afadhali watu wasife wiki hiyo.

Donatus alifundisha kilimo sekondari mpaka akastaafu, na kwa miaka mingi amekuwa katekista. Watoto wao wamekua, wana nyumba zao. Kwa hiyo shirika moja la walei wa kanisa lilipotafuta wanandoa wazee wa kwenda kuishi na waumini katika visiwa vya Tonga, kule Bahari ya Pasifiki, kufundisha dini na kusaidia bustani za shule, Donatus aliandika jina lake na la mkewe. Alimwambia baadaye.

"Umeniandikisha kwenda wapi?" Aneth aliuliza.

"Kisiwani."

"Ukerewe?"

"Mbele kidogo ya Ukerewe."

Alipoonyeshwa ramani alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaanza kukausha michembe ya viazi vitamu kwa ajili ya safari.

Katika ukoo maneno hayakukosekana. Binamu yetu Enock, ambaye hununua dhahabu kwa wachimbaji wadogo kule Katoro na huamini kuwa kila jambo lina bei, alikuja kwangu na gari lake akakataa hata chai.

"Dada, wazee wazima wanakwenda kufia baharini na wewe unanyamaza? Wamisionari wanakuja huku. Hawatoki huku."

"Babu yetu alibatizwa na watu waliovuka bahari, Enock. Hakuna aliyewaambia wabaki kwao."

"Wale walikuwa vijana."

"Na wewe ulipokuwa kijana ulivuka nini? Mto wa Nikonga?"

Alikunywa chai baada ya hapo. Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani, mimi mwalimu mkuu mstaafu na binti wa kwanza wa Mzee Kasala, nikawaombea wanandoa wale sala mbele ya watu wote. Nilitaka ijulikane kwamba nyumba yetu ilikuwa inatoa wamisionari. Sikuona haya kulitaka hilo, na sioni haya sasa.

Walipofika Tonga, walipewa nyumba ndogo karibu na kanisa, wakitenganishwa na jirani kwa ua mfupi. Jirani huyo ni mama mmoja aitwaye Mele, aliyekuwa akiishi na baba yake mzee. Simu zao zilinikuta asubuhi ninapoota jua barazani, wakati kwao kumeshaanza kuingia giza. Aneth alikuwa na habari tele.

"Wifi, huku nguruwe wanatembea barabarani kama mbuzi wa Kagongwa, na hakuna anayewafukuza. Jumapili hata kufua ni kosa. Chakula wanakifukia ardhini juu ya mawe ya moto, wanakwenda kusali, wakirudi kimeiva. Na kanisani watu wazima wanavaa mikeka kiunoni!"

"Mikeka ya kulalia?"

"Mikeka mizuri, laini kama kitambaa. Ndiyo suti yao. Mele alinipa mmoja wiki ya kwanza, mimi nikashukuru, nikautandika, nikaukalia. Mele akashika mdomo."

"Ukafanyaje?"

"Donatus akasema kwa Kiingereza kwamba mke wake amechoka na safari."

Kila Jumamosi Mele aliwatembeza. Waliona mawe matatu makubwa yaliyosimamishwa na watu wa kale kama fremu ya mlango, na Donatus akataka kujua yaliinuliwaje, akapima kivuli cha mawe hayo kwa fimbo. Waliona ufukwe wenye miamba yenye matundu ambamo wimbi likipiga, maji huruka juu kama mvuke wa sufuria lililofunikwa vibaya. Walitazama ngoma, wasichana wamepakwa mafuta mikononi na watazamaji wakiwabandika noti, na Aneth akasema hilo halikumshangaza hata kidogo, harusi za Kahama ni hivyo hivyo. Siku moja walipelekwa kwa wanawake waliokuwa wakitwanga magome ya mti kwa nyundo za mbao juu ya gogo mpaka yawe kitambaa. Bibi yake Aneth alikuwa Mzinza, na Aneth alipokuwa mdogo alimwona akifanya kazi ile ile. Alisikia ule mlio, akavua viatu, akanyoosha mkono apewe nyundo.

Wanawake wakacheka kwa upole. Mmoja akamletea kiti.

Hapo ndipo shida ilipokuwa, ingawa mimi sikuielewa mpaka alipopiga simu asubuhi moja bila kunisalimu.

"Wifi, narudi."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nanenepa."

"Na hilo ndilo la kukurudisha?"

"Sikiliza. Donatus ana darasa lake na bustani ya shule. Mimi nina kiti. Nikishika ufagio, napokonywa. Nikiosha sahani, Mele anakuja mbio kama nimemwibia. 'Kaa, mama, kaa.' Sikuzaliwa kukaa mimi. Nitakuwa mgeni wao mpaka nizikwe?"

"Vumilia, Aneth. Watu wote hapa wanajua mmekwenda miaka mitatu."

"Wewe unataka jina, wifi. Mimi nataka mahali."

Alisema hivyo bila hasira. Walikuwa wamekubaliana na Donatus kwamba Pasaka ikipita hali ikiwa ile ile, wataomba kurudishwa. Akilini nilimwona Enock akishuka kwenye gari lake, anatabasamu, anaomba chai kabla hajakaribishwa. Nilikaa na jambo lile peke yangu, hata mwanangu Selestine sikumwambia.

Kwaresima ilikuwa haijaisha picha ilipoingia kwenye kundi la ukoo la simu. Aliituma Donatus, na kama kawaida ya mdogo wangu, maelezo yalikuwa mafupi: "Msiba kwa jirani. Mama akishiriki." Ilikuwa picha ya Aneth amechuchumaa kwenye moshi. Mwilini amefungwa mkeka mkuukuu, umechanika, nyuzi zinaning'inia, mkubwa kiasi kwamba ulipanda mpaka nyuma ya kichwa, na kiunoni umekazwa kwa kamba.

Enock ndiye aliyekuwa wa kwanza. "Mkwe wa Mzee Kasala amevishwa jamvi la kuanikia mihogo!" Akaongeza: "Tulisema." Wengine wakaweka alama za kulia. Selestine akaniandikia pembeni: "Mama, mke wa mjomba wamemfanya nini?"

Nilipiga simu papo hapo. Nilikuwa na maneno makali tayari kwa ajili ya mdogo wangu. Aliyepokea ni Aneth mwenyewe, na alikuwa anacheka.

Baba yake Mele alikuwa amefariki. Aneth aliposikia kilio ng'ambo ya ua hakumwuliza mtu. Alijifunga khanga, akachukua kisu, akapita nyuma ya nyumba. Aliwakuta watu wanamenya magimbi kwa rundo, akakaa, akaanza. Gimbi analijua tangu utotoni. Walimtazama, wakatazamana, mmoja akaenda ndani kumwita Mele.

Kule, mambo hayako kama kwetu. Wanaofanya kazi nyuma ya nyumba ya msiba ni watoto wa marehemu na ndugu walio chini yake. Hao ndio wanaovaa ile mikeka mikubwa iliyochakaa, kwa sababu wameondokewa na mkubwa wao. Watu wa kanisa na wageni hukaa mbele, wakihudumiwa. Kwa hiyo Donatus alikuwa ameketishwa mahali pa heshima, nafasi ya mke wake iko wazi pembeni yake, na watu wote wanaiona, huku mke mwenyewe yuko kwenye moshi. Mele alitoka amefunikwa na mkeka wake wa kufiwa, macho yamevimba.

"Mama, tafadhali! Watu watasema nyumba hii imempeleka mgeni jikoni. Unatuaibisha!"

Aneth aliniambia neno hilo lilimchoma. Alikuwa amekuja kusaidia, na sasa ameongeza aibu juu ya kilio. Alisimama, lakini kisu hakukiweka chini.

Wakampeleka kwa shangazi. Nilipenda kusikia habari hii, na nilimwomba airudie: kwa watu wale, dada wa marehemu ndiye mkubwa wa msiba. Hukaa kichwani pa maiti, hafanyi kazi yoyote, na akisema limesemwa. Shangazi wa Mele alikuwa bibi mnene mwenye fimbo. Alimwita Donatus aje kutafsiri, maana Kiingereza cha Aneth ni cha darasa la saba.

"Kwenu," shangazi aliuliza, "mke wa mtu wa kanisa hukaa wapi msibani?"

"Mbele," Aneth akajibu. "Lakini mimi nimekuja kama jirani. Huyu mzee alikuwa ananipa papai juu ya ua kila asubuhi, na hakuniambia nikae. Alikuwa ananiambia pokea. Kwetu mwanamke akikaa kwenye kiti wakati jirani yake amekufa, huyo amekuja kutazama watu."

Donatus alisita kutafsiri mwisho wake. Aneth akamkanyaga mguu, naye akatafsiri.

Bibi yule alimtazama Aneth, akakitazama na kisu chake. Waombolezaji wakaangalia chini. Kisha akasema neno fupi kwa lugha yao, na Mele akashtuka.

"Lakini shangazi, ile mikeka ni ya watoto wake!"

"Na huyu anafanya kazi ya nani?"

Wakauleta mkeka. Mele mwenyewe ndiye aliyemfunga kamba kiunoni, akilia na kucheka kwa pamoja, na Aneth akarudi kwenye magimbi. Alikaa nyuma ya nyumba ile siku zote za msiba, akilala chini na wanawake wengine, akichekwa anavyomenya kwa kuuelekeza ukali wa kisu kwake. Naye aliwacheka wao kwa jinsi walivyokuwa wakikoroga mchuzi.

Nilipokata simu niliandika kwenye kundi la ukoo, na niliandika taratibu ili nisikosee: "Mkeka huo huvaliwa na watoto wa marehemu. Wifi yetu amepewa nafasi ya mtoto katika nyumba ya watu. Mkubwa wa msiba huo ni shangazi, na ndiye aliyeamua. Mwenye la kusema anipigie mimi."

Halafu Enock: "Samahani dada. Sasa kwenye urithi atapata nini?"

"Mikeka," nikamjibu.

Pasaka ilipita. Nilisubiri wiki nzima ndipo nikamwuliza Donatus kama wameshapeleka maombi ya kurudi. Alisema alimkumbusha mke wake, akajibiwa kwamba hana nafasi ya kuzungumzia mambo ya safari, ana magome ya kutwanga.

Huu ni mwaka wao wa pili. Siku hizi Aneth akipiga simu ni malalamiko tu, na nimeyazoea kwa sababu ndiyo yale yale aliyokuwa akiyaleta barazani kwangu kuhusu sisi. Kaka yake Mele ameingia jikoni akachukua sufuria kubwa bila kuomba. Kijana mmoja, mpwa wa Mele, amehamia sebuleni kwa Aneth kwa sababu shule iko karibu, anakula kama wawili. Mele naye anamgongea ua alfajiri waende kutwanga, mabega yanamuuma.

"Wifi, watu hawa hawana adabu kabisa," alisema juzi. "Sufuria lenyewe nimeambiwa lipo kijiji cha pili, kwenye harusi."

"Pole. Niwaambie shirika mrudishwe?"

"Halafu sufuria langu nani atalifuata?"

Nikasikia mtu anamwita huko nje kwa sauti ya juu. Akamjibu kwa lugha yao, kwa ukali, kisha akaniambia atanipigia kesho.