Siku Arobaini za Maksai Wetu

Mjukuu wangu anayefanya kazi Dar es Salaam alikuja Krismasi iliyopita, akanionyesha kwenye simu picha ya kipande cha nyama. Nyama mbichi, imewekwa juu ya sahani nyeusi, mafuta meupe yamepita ndani yake kama mizizi ya nyasi kwenye udongo. Akasema, bibi, hii ni nyama ya Kijapani, wasafiri wanapanda ndege mpaka huko kwao kwenda kuila, na siku hizi ipo hoteli mjini inayoileta. Yeye mwenyewe alikula vipande vitatu, alialikwa na mkubwa wake wa kazi.

Nikamwuliza, ulishiba?

Akasema, bibi, ile si nyama ya kushiba.

Nikamwacha ajimalize mwenyewe. Akaendelea. Ng'ombe wale wanafungiwa ndani, hawatembezwi. Wanasuguliwa mgongo kwa brashi. Na watu wanasema wengine wanapewa bia. Hapo nilicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Mimi nimesugua ng'ombe mgongo nikiwa na miaka kumi na mitatu, nimempelekea pombe kwa ndoo, na hakuna aliyepanda ndege kuja kunitazama.

Basi akasema, bibi, andika. Naandika. Mwandiko wangu ni wa darasa la nne, na sababu ya kuishia hapo ndiyo habari yenyewe.

Majina ya watu wote waliokuwemo ninayo kichwani, na ya baba zao, na ya wake waliowaacha. Sitayaandika. Wajukuu zao wananunua viazi kwangu na wananiamkia vizuri. Hata jina la ng'ombe silitaji, kwa sababu baba alimpa jina la jumbe wetu, na ukoo wa jumbe bado upo.

Kwetu ni juu milimani, upande wa Mbeya, ambako asubuhi ya mwezi wa sita maji ya kwenye beseni yanaganda juu. Miaka hiyo ya hamsini, Mwingereza bado yupo, baba alikuwa na kazi moja ambayo wenzake hawakuiweza. Kila mwaka alichagua maksai mmoja, akamfungia kwenye kibanda nyuma ya nyumba, akamnenepesha. Majirani walikuwa na ng'ombe wengi wenye mbavu za kuhesabika. Baba alikuwa na mmoja asiyeweza kugeuka ndani ya kibanda chake.

Siri ilikuwa machicha, yale makapi ya ulezi yanayobaki pombe ikishachujwa. Sisi tulikuwa watu wa kanisa, nyumbani hatukupika pombe. Lakini majirani ambao hawajabatizwa walipika, na mama alikuwa akiwapelekea viazi, nao wakatupa machicha. Kuna mzee wa kanisa alimwuliza baba kama si dhambi. Baba akamjibu, "Mchungaji amekataza Wakristo kunywa. Huyu umemwona lini kwenye ubatizo?"

Kazi ya kubeba machicha ilikuwa yangu. Na kazi ya kumsugua. Maji ya uvuguvugu na gunzi la mahindi, kuanzia shingoni mpaka kwenye mkia, kila jioni, ili kupe wasimkae na ngozi isiwashe, maana ng'ombe anayewashwa hatulii, na asiyetulia hanenepi. Alikuwa akinywa yale machicha, anapumua kwa nguvu, halafu anasimama amefumba macho kama shemasi kwenye mahubiri marefu.

Mwaka ninaousema nilikuwa nimefaulu darasa la nne. Wasichana waliofaulu kule kwetu tulikuwa wawili. Shule ya kati ya wasichana ilikuwa upande wa Iringa, ya bweni, na shangazi yangu alikuwa ameolewa Kihesa. Akaleta salamu kwamba likizo nitakuwa kwake, kitanda kipo. Kilichobaki ni karo, blanketi, nguo mbili za shule na sanduku la bati lenye kufuli. Baba akanipeleka kibandani, akampiga maksai kofi la mgongo.

"Shule yako hii hapa," akasema. "Isugue vizuri."

Niliisugua. Sijapata kusugua kitu namna ile tena, hata watoto wangu.

Mnunuzi alikuwa mwenye hoteli ya Mbalizi. Mtu wa mjini, Mwislamu, babu zake walipanda kutoka pwani na biashara ya nguo. Hoteli yenyewe ilikuwa banda la mabati na meza nne, lakini mabasi ya kutoka Iringa kwenda Tunduma yalisimama pale, na malori, na wasafiri walikuwa wamejazana maneno kwamba nyama ya Mbalizi hakuna mfano wake. Nimewaona wasafiri wa kila namna na nasema wazi, hakuna mjinga kama msafiri mwenye njaa na rafiki wa kumsimulia. Alikuwa anatafuna, anafumba macho, anamwambia mwenzake, "Unasikia? Inayeyuka." Mchuzi ulikuwa umechemka tangu alfajiri. Hata mkanda wa suruali ungeyeyuka.

Mwenye hoteli alikuwa amepanda kwetu mwezi wa kumi, akamminya maksai kwenye paja na kwenye shina la mkia, akakubaliana na baba bei ya ng'ombe mnono. Wakashikana mikono. Alikuwa amchukue kabla ya Krismasi.

Sasa, siku za soko nilikuwa nikishuka na kikapu cha kabichi kupeleka jikoni kwake. Siku moja nimesimama mlangoni nangoja kikapu changu, kukawa na karani mmoja aliyeshuka kwenye basi, kalamu mfukoni, viatu vimepakwa rangi. Alikuwa anakula nyama ya maksai mwingine, wa mdogo wake baba, tuliyemnenepesha vilevile. Karani akamwita mwenye hoteli.

"Mzee, niambie ukweli. Ng'ombe hawa mnawalisha nini?"

"Majani, bwana. Majani ya milimani na maji baridi. Hewa ya juu."

"Majani hayatoi mafuta haya. Mimi nimekulia kwenye ng'ombe."

"Basi kama umekulia kwenye ng'ombe mbona unauliza?"

Watu wakacheka. Karani akaona haya. Na mimi, niliyefaulu darasa la nne, niliyezoea mwalimu akiuliza na mimi nikijua nanyosha mkono, nikasema kutoka mlangoni, "Si majani. Ni machicha ya pombe. Mimi ndiye ninayewapa."

Kwenye meza ya dirishani kulikuwa na wafanyabiashara wawili wa Iringa, wamevaa kanzu. Mmoja aliacha mkono wake pale pale kwenye sahani. Mwenzake akasukuma yake mpaka katikati ya meza, taratibu, akanawa.

Mwenye hoteli akanitazama. "Binti," akasema, "nani kakuuliza wewe?"

Nilifika nyumbani nimekimbia njia nzima, na sikumwambia baba. Hakukuwa na haja. Kesho yake mchana mwenye hoteli alipanda mwenyewe, na maalim wa chuo cha mjini nyuma yake, mzee mfupi aliyekuwa anasimama kila baada ya hatua kumi kutafuta pumzi. Mama akawatolea vigoda. Baba akafungua kibanda, na harufu ikawajibu kabla yake.

"Umenilisha pombe miaka yote hii," mwenye hoteli akasema.

"Wewe? Wewe sijakupa hata kikombe. Nimempa ng'ombe."

"Nami nimemla ng'ombe."

"Ukalewa?"

Maalim akainua mkono wakanyamaza. Huyu nitamsema vizuri, maana kati ya wote ndiye pekee aliyeniuliza jina langu na darasa langu. Alimzunguka maksai, akanusa, akasema jambo hili wanachuoni wamelizungumza zamani. Mnyama aliyelishwa kichafu hatupwi. Anatengwa, anapewa malisho safi na maji safi mpaka mwili wake utakasike. Kwa ng'ombe tuweke siku arobaini, ndiyo salama zaidi, halafu achinjwe bila wasiwasi.

Mwenye hoteli akasema vema, lakini atafungwa Mbalizi, nyuma ya hoteli, wasafiri wamwone kwa macho yao anakula majani. Aliyaona haraka sana manufaa ya kutubu hadharani.

Na nani atakata majani? Akanionyesha kidole.

Nilipiga hesabu kwa mkaa kwenye ukuta wa ghala, mstari mmoja kila siku. Siku ya arobaini ilikuwa inaangukia wiki moja kabla ya shule kufunguliwa. Baba akasema inatosha, wiki moja inatosha kununua sanduku.

Kila alfajiri nilishuka na mundu. Siku za kwanza hakula. Alisimama kwenye kamba anaangalia barabara, na akipita mwanamke na mtungi wa pombe alilia kwa sauti ambayo sijaisikia kwa ng'ombe mwingine, mpaka matingo wa malori wakawa wanamjibu. Wakamwita mlevi wa Mbalizi. "Mlevi, umeamkaje? Kichwa kinauma?" Halafu mvua za Desemba zikaanza, majani yakawa laini na maji mengi, akala, akahara siku saba. Niliendelea kumsugua. Nilisikia mbavu zikija chini ya gunzi, moja, kisha ya pili, na nilisugua polepole zaidi nikifika hapo, kana kwamba mimi ndiye ninayezitoa.

Nikamwambia baba. Akasema, "Ng'ombe ni wake tayari. Tulishikana mikono."

Siku ya arobaini walikuwepo wote. Mwenye hoteli akaminya paja, akaminya shina la mkia. Akatikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu aliyepewa habari za msiba usiomhusu.

"Ndugu yangu, huyu amekonda."

"Umemkondesha wewe," baba akasema.

"Mimi? Mimi nilimpa nini? Majani aliyakata mwanao. Tulikubaliana bei ya ng'ombe mnono. Huyu ni ng'ombe, sikatai. Mnono yuko wapi?"

Maalim akasema, "Nilisema atakaswe. Sikusema bei ipunguzwe."

"Maalim, ya chuo ni yako na nayapokea. Ya hoteli niachie."

Nilimtazama baba. Nilijua anaweza kumfungua kamba akapanda naye mlimani, akampa machicha tena miezi mitatu. Na yeye alijua kwamba shule inafunguliwa wiki ijayo, na kwamba sokoni wanunuzi wote wameshamwona mlevi akihara. Alipokea alichopewa. Alitangulia njia nzima. Tulipofika kwenye mteremko wa mwisho akasema, "Mwakani," bila kugeuka. Sanduku halikununuliwa. Karo haikutimia. Yule msichana mwenzangu aliondoka na basi la Jumatatu.

Alhamisi nilipeleka kabichi. Maksai wetu alikuwa ameshachinjwa, yuko sufuriani. Na kwenye ile meza ya dirishani alikuwa amekaa yule karani, anarudi kutoka Tunduma, kalamu mfukoni. Amefumba macho.

"Mzee," akasema, "hii ndiyo nyama. Mafuta yanayeyuka mdomoni."

"Majani, bwana. Siku arobaini, majani matupu. Muulize yeyote."

"Nilijua. Nilikwambia mimi nimekulia kwenye ng'ombe."

Mafuta gani? Nilikuwa nimemsugua siku zote arobaini, nilijua kila mfupa. Hakukuwa na mafuta kwenye ng'ombe yule ya kutosha kupaka kiatu chake. Lakini meza zote nne zilijaa, basi lilipiga honi na watu hawakuinuka, na sahani ziliuzwa kwa bei ile ile ya siku zote. Mwenye hoteli akaniona mlangoni. Safari hii alingoja niseme kitu. Sikusema. Nilichukua kikapu changu.

Mwakani haikuja. Baba alinenepesha wengine, lakini sasa kwa pumba na mabaki ya viazi, na mimi nilikuwa nimeposwa. Iringa nilifika baadaye sana, nimeshazaa mara mbili, kwenye msiba wa shangazi. Pale Kihesa walinilaza kwenye chumba cha nyuma, kwenye kitanda kimoja chembamba, na binamu yangu akasema ndicho kile mama alichokuwa anakuwekea. Nililala juu yake siku tatu. Kilikuwa kifupi, cha mtoto wa miaka kumi na mitatu. Miguu ilitoka nje.

Mjukuu wangu alinisikiliza mpaka hapa, akaona aibu na ile simu yake, akaiweka mfukoni. Ana moyo mzuri, ni ulaji tu ndio umemharibu. Akasema, bibi, mwakani nitakupeleka kwenye ile hoteli, uonje mwenyewe, utuambie kama wanasema kweli.

Hilo neno mwakani nimelizoea. Lakini nikamwambia nitakwenda. Nitakaa kwenye meza yao, nitaweka kipande kimoja mdomoni, na macho sitafumba. Kisha nitamwita mwenye hoteli nimwulize, huyu ng'ombe wenu anayesuguliwa mgongo, anasuguliwa na nani, na huyo anayemsugua yuko darasa la ngapi.