Nailoni ya Bibi na Mashine ya Salfa

Julai hii nililala Kitangari, kwenye ile nyumba ya Bibi, na alfajiri nikasikia mashine ya salfa, ile ya kupulizia dawa ya mikorosho, ikinguruma shambani. Sauti ikapanda, ikapanda, halafu ikalegea, ikakohoa mara mbili na kuzima. Rafiki yangu, niliruka kitandani kama mtoto! Sauti ile naijua kuliko wimbo wowote.

Nilikuwa darasa la tano. Bibi alikuwa na mashine yake ya kubeba mgongoni, na sisi wajukuu tulinong'ona kwamba anaipenda kuliko anavyotupenda. Mjomba ndiye aliyeibeba, mimi nilibeba petroli na ndoo ya salfa. Tulitoka mapema, majani ya mikorosho yakiwa bado na umande ili unga ushike. Tukirudi, nyusi zetu zilikuwa za njano na macho yanawasha, lakini ming'oko ya moto, vile viazi vya porini, ilikuwa inatungoja na chumvi yake. Ah, ile ming'oko!

Mwaka huo ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, ulivamia maua, na mashine nayo ikaanza vituko. Resi ikiwa chini ilinguruma vizuri tu. Mjomba akipiga resi ili unga ufike kileleni, mti wa kwanza sawa, wa pili sawa, wa tatu inaishiwa nguvu na kuzima. "Maua haya yasipopata salfa wiki hii," Bibi alisema, "korosho mtazionea kwa watu."

Mara mbili ilipelekwa kwa fundi Newala mjini, imefungwa nyuma ya baiskeli. Fundi akasafisha plagi, akafungua kabureta, akakung'uta chujio la hewa, akapiga resi mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. "Mama, mashine yako nzima kabisa." Ikirudi shambani, mti wa tatu, kimya. Bibi alikosa usingizi, na mimi nilimwonea huruma.

Sasa, kuna jambo ambalo fundi hakuliona. Bibi alikuwa anafunika kifuniko cha tenki kwa nailoni, akikikaza kwa kipande cha kanga, eti salfa isiingie kwenye petroli. Siku ya kwenda mjini aliivua, maana hakutaka aonekane na mashine iliyovaa matambara.

Asubuhi moja ilipozima, aliniambia niangalie kama petroli imeisha. Nikafungua kanga, nikazungusha kifuniko. Fyuuu! Hewa ikaingia ndani. Petroli tele. Mjomba akavuta kamba, ikawaka hapo hapo. Nikakumbuka kitu, kwa sababu pale nyumbani tulikuwa na dumu la udhu lenye koki, limetundikwa ukutani, na mtoto yeyote wa pale alijua kwamba ukikaza kifuniko cha juu, maji yanachirizika kidogo kisha yanagoma. Nikatazama kile kifuniko cha tenki: kilikuwa na tundu dogo kama la sindano, na nailoni ilikuwa imeliziba.

Lakini utamkosoaje Bibi? Nikaanza na salamu. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Si umeshaniamkia leo?"

"Bibi, nailoni inaziba pumzi ya tenki. Ni kama lile dumu. Mashine ikipigwa resi inataka petroli nyingi, na petroli haishuki."

Mjomba akaguna. Bibi akaitia nailoni kifuani. "Haya. Salfa ikiingia, utanijibu wewe."

Mti wa tatu ukapita. Wa nne. Wa tano! Nilikuwa nahesabu kwa sauti huku nakimbia nyuma ya mjomba. Tulipofika wa kumi Bibi alikuwa anacheza katikati ya vumbi la njano. "Nnungu wangu! Kumbe naikaba mwenyewe! Kikulacho ki nguoni mwako!" Maua yalipona, na tangu siku hiyo hakuniita tena kwa jina langu. Aliniita Fundi, hata mbele ya wageni.

Basi Julai hii nilitoka nje mbio, miguu mitupu, nikampigia kelele mtoto wa mjomba aliyekuwa shambani: "Legeza kifuniko!" Akalegeza. Akavuta kamba, mashine ikanguruma mpaka kileleni, nami nikaruka kwa furaha.

Kisha nikageuka kuelekea mlangoni, nikingoja kuitwa Fundi. Dumu la udhu halipo tena pale ukutani, wala Bibi hayupo tena duniani. Mlango ulikuwa wazi, na hakuna aliyeniita.