Mgeni Asianze Kila Mara

Kisa hiki sikuhadithiwa. Nilikiona kwa macho yangu, mchana, katika nyumba yangu ya Mudzipela hapa Bunia. Ukitaka kucheka, cheka, lakini nisikilize.

Mume wangu, Papa Neema, alikuwa akipambanisha programu za sataranji ndani ya kompyuta. Zinacheza zenyewe, mtu hagusi, naye anaandika orodha ya zenye nguvu. Moja aliitengeneza yeye mwenyewe. Wenzake wa Kisangani waliiamini orodha yake kwa sababu hakupendelea hata hiyo yake. Alipokufa waliniomba niendelee, kwani alikuwa amenifundisha. Nikakubali. Nilitamani tu kuisikia tena ile mashine ikivuma, kama vile bado yuko chumbani.

Lakini programu yake ikaanza kushuka. Ikashuka mpaka mkiani. Unajua inavyouma? Ni kama kumzika mara ya pili.

Siku moja ya mvua nilikuwa naangalia mchezo, nikasikia nyuma yangu: "Mama Neema, weye unanipigia mutoto."

Nikageuka. Papa Neema amekaa, amevaa shati lake la kazi. Niamini, hata hofu sikuwa nayo.

"Nimekosa nini?"

"Ile programu yangu. Kila siku unaanzisha wengine mbele yake."

"Si ni wageni? Siye tunamupa mugeni kwanza."

Ndivyo nilivyofanya kweli. Mwenye kete nyeupe ndiye anaanza, na kuanza kuna faida. Mimi nilizipa programu za watu kete nyeupe kila mara, kwa heshima ya nyumba.

Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Heshima iko ku meza ya chakula, mama. Huku wabadilishane."

Nikanyoosha mkono nimshike. Hayupo.

Nilikaa na wazo moja: nikiliacha kosa lilivyo, si atarudi kunigombeza? Nani asingetaka? Lakini watu wanaisoma orodha ile kwa jina lake. Nikarudia michezo yote, kila programu ikaanza kwa zamu. Yake ikapanda hadi katikati, pale pale alipokuwa ameiweka mwenyewe. Si juu zaidi.

Hajarudi tena. Mvua ikinyesha naacha kazi, nageuka nyuma. Hakuna mtu.

Kwa hiyo nakuonya wewe uliyefiwa: wako akija kukukosoa, usikimbilie kuelewa. Jifanye mjinga kidogo. Muulize tena, na tena, maana ukishaelewa, hana tena sababu ya kukaa.